Unatafuta imbwa ya cocker ao springer? Uliza kwanza baba na mama yake walikuwa wa kazi gani

Ba papa na ba mama ba Lubumbashi, kila mara kuko mtu anatutumia, sisi benye kuuzisha na kuosha imbwa, kwa WhatsApp foto ya spaniel, masikio marefu, manyoya inangaa, anauliza: "Muko nayo? Minataka ya kwenda nayo kuwinda." Njo pale maelezo inaanza, juu ile ya kwa foto na ile ya pori ziko na jina moja lakini kazi haiko moja.

Zamani kule Uingereza ilikuwa rahisi tu. Watoto ya tumbo moja, ile midogo, chini ya kilo 11 na kitu, ni cocker, ile mikubwa springer, basi. Kisha Kennel Club, chama cha imbwa cha kule Uingereza, yenye ilianza 1873, ikaanza kuzitenganisha, springer ikaandikwa peke yake 1902. Na maonyesho nayo ikapanda, Crufts, maonyesho kubwa ya imbwa ya kule, iko tangu 1891, na pale cocker imeshinda ubingwa mkubwa mara 7, hakuna aina ingine imefika pale. Benye maonyesho bakachagua kichwa, masikio, manyoya, benye bunduki bakachagua pua, mbio na kusikia amri, miaka ikaenda, leo springer ya maonyesho ni nzito na manyoya mingi, ya kuwinda ni nyepesi, manyoya kidogo, masikio mafupi na imeanzia juu zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Inapashwa kutafuta mbele yako, inakata kushoto na kuume, haiendi mbali na mahali risasi inafika, inafurusha kanga ao kware ndani ya majani, ndege ikiruka inakaa chini inangoja, ukisha kupiga unaituma, inaleta ndege bila kuitafuna. Ile ya kukaa chini njo ngumu kufundisha, na imbwa yenye inafuata ndege mbio sisi hatuihesabu kuwa imeiva, hata patro aisifu namna gani.

Kama hauwindi, usinunue ya kuwinda juu ya bei tu. Ukiifunga kwa parseli ya Kamalondo bila kazi, itachimba maua ya mama yote. Na benye banauliza kama cocker italinda nyumba: itabweka, ndiyo, kisha itamlamba mwizi mikono.

Kitu yenye inaleta bakliya kwetu sana ni masikio. Inafunika tundu, hewa haipite, mvua ikianza mwezi wa kumi na moja mule ndani inabakia maji-maji na joto, uchafu unazaa ugonjwa. Ukiona inatikisa kichwa ao inajikuna, kuko harufu, usimwangie alkoli na usiingize kijiti cha pamba. Sisi tunapunguza manyoya chini ya sikio na katikati ya vidole, tunasafisha na dawa ya masikio ya imbwa, tunatafuta mbegu za majani, zile zenye ncha, zinaingia mpaka ndani ya ngozi. Lakini kukiwa usaha, kwanza veterinere, sisi hatugusi.

Kwa kununua, tutumie foto ya wazazi, karatasi za ukoo kama ziko, na video ya mama yake akitembea kwa majani. Kwa kuosha na kukata, bei inategemea manyoya, na jumamosi inajaa haraka, uandike mbele ya siku ya tano (ijumaa).