Ini lifuatiliwe bila sindano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, nalo ni namna ya kulichunguza ini la mtu aliye hai pasipo kulichoma.

Miaka michache iliyopita nilimuuguza mdogo wangu alipochukuliwa kinyama cha ini, ili ijulikane kama makovu yake yalitokana na kichocho au na homa ya ini. Sindano ilipita katikati ya mbavu, kisha akalazwa kwa ubavu wa kulia juu ya shuka lililokunjwa na kukazwa, huku muuguzi akirudi kila robo saa kumpima presha, kwa kuwa ini likivuja damu kwa ndani halionekani kwa macho. Alivumilia hadi jioni. Ilipothibitika kuwa ni kichocho, akaambiwa huenda kipimo kikarudiwa baada ya matibabu. Aligeukia ukutani, hakujibu neno.

Kurudia ndiko kwenye shida, nalo ini ni kiungo kinachobadilika kadiri muda unavyopita. Mtu akimpa ndugu yake nusu ya ini, au hata zaidi, sehemu inayobaki hukua na katika miezi 2 hadi 3 hukaribia ukubwa wa awali. Wala si ile iliyokatwa inayoota, bali iliyobaki ndiyo hunenepa. Watafiti Higgins na Anderson walilionyesha jambo hili mwaka 1931 kwa panya walioondolewa theluthi 2 za ini, lakini kuzijua hatua za ukuaji kulitaka panya wauawe, kila siku kundi lake.

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, hutumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi kama ya eksirei, hivyo ini lile lile laweza kutazamwa leo, wiki ijayo na mwezi ujao. Hupima ujazo wake, na kikiongezwa kifaa cha kuutikisa ubavu taratibu hupima pia ugumu wake, kwani mtikisiko hupita kwa kasi zaidi penye makovu. Linalonivutia kuliko yote ni kipimo cha fosforasi kwa mashine hiyo hiyo, ambacho humwonyesha daktari akiba ya ATP, yaani nishati ya seli, inayoshuka ini linapopunguzwa na kupanda tena linapopona. Picha hueleza kwamba ini limekua. Fosforasi hueleza kama lina nguvu.

Katika kichocho cha tumbo, mayai ya minyoo hukwama kwenye vishipa vinavyoingiza damu katika ini, makovu yakayazunguka, wengu ukavimba, na mwisho mtu akatapika damu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, na kwa baadhi ya watu, hasa watoto, makovu hupungua baadaye. Ultrasaundi, ambayo ni nafuu na hubebeka hadi Ukerewe, iendelee kuwa kipimo cha kwanza. Sidai kila mvuvi apelekwe kwenye MRI. Ninachoomba ni kwamba hospitali za rufaa zenye mashine hiyo, zikishirikiana na watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa Mwanza, zitenge saa chache kila mwezi kwa ajili ya wagonjwa waliotibiwa kichocho, ili ini la kila mmoja lifuatiliwe kwa mwaka mzima au zaidi. Anayekubali kurudi mara 4 au 5 kwa ajili ya utafiti asidaiwe gharama ya kipimo, na nauli yake ya boti ilipwe.

Mdogo wangu nimemuuliza kabla ya kuandika barua hii. Amesema atakuja.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza