Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: silanga (bwawa la kuchimbwa) twataka, lakini si pale

Mheshimiwa Gavana, salaam.

Najua barua unazopata ni za barabara, dawa na basari, na hii yangu ni ya ndege, tena ndege wa kutosha kwenye kiganja, kwa hivyo naomba isiishie kwa msaidizi wa kunijibu ati "tumepokea". Mimi ni mkaazi wa Magarini, wikendi twatoka na vijana wenzangu kuangalia ndege, darubini twaazimana, tukirudi twaingiza orodha kwenye Kenya Bird Map, ile ramani ya mtandaoni ya ndege wa Kenya, kwa simu. Watu hutucheka sana, ati wazima hawa wanahesabu ndege. Sawa tu.

Kuna ndege anaitwa kwera wa Clarke, wengine humwita kwera wa Kilifi na mimi naona hilo ndilo jina lake hasa. Dume ana kichwa cheusi na tumbo la manjano linalowaka, jike ana ukijanikijani. Duniani kote Mheshimiwa, sisemi Kenya, duniani kote, huyu ndege yuko kwenye kaunti yako peke yake, misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha basi, ukimkosa huku usijisumbue kwenda Kwale wala Tanzania, hayuko. Wanasayansi walimwandika 1913, wakawa wanamwona tu huko juu ya miti ya mirihi akila wadudu na makundi ya ndege wengine, lakini anataga wapi hakuna aliyeweza kusema. Kiota chake kilikuja kuonekana 2013, miaka 100 baadaye! Na hakikuwa juu ya mrihi, kilikuwa kwenye bwawa la mvua huko Dakatcha, viota vimefungwa kwenye majani marefu yanayoota majini, chini kabisa, mtu aweza kuvigusa kwa mkono akiingia maji ya magoti.

Sasa hapo ndipo shida yangu ilipo. Msitu ukikatwa watu wanaona, magunia ya mkaa yanapita barabarani, kelele zinapigwa. Lakini bwawa la mvua wakati wa kiangazi si kitu, ni bonde la udongo uliopasuka na nyasi kavu, ng'ombe wanapita, mtu akija na ramani yake atasema hapa ni patupu. Kila ukame ukitubana yanaanza yale mazungumzo, tuletewe ekskaveta tuchimbiwe silanga, na pa kuchimba panapoonekana rahisi ni pale pale maji yanaposimama yenyewe. Na mimi silanga naitaka, usinielewe vibaya, mama yangu na dada zangu ndio wanaobeba mitungi, siwezi kukaa hapa niandike ati ndege kwanza watu baadaye. Ila ekskaveta ikichimba pale katikati, kingo zinakuwa kuta, maji yanakuwa ya kina, yale majani hayaoti tena, na kwera hajui kujenga kwa zege. Pana mahali pengi pa kuchimba kando kando, hata mkondo wa kuingia bwawani ukiachwa ulivyo, kinachotakiwa ni mtu aje aangalie wakati wa mvua kabla ya kuweka alama, si wakati wa jua.

Nilijaribu kulisema hili kwenye ofisi moja, siitaji jina, nikaulizwa "hao ndege wanapiga kura?" watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu kusema kweli ilikuwa inachekesha, lakini faili haikufunguliwa.

Mheshimiwa, wewe hapa una nguvu kuliko unavyofikiri. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una ulinzi wake, una askari. Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na Katiba kifungu cha 63 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Yaani kabla vijiji vyetu havijapata hati chini ya ile Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mwenye kuishika amana ni kaunti. Kwa hivyo ombi langu si pesa nyingi. Hayo mabwawa yaingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti kama mabwawa, na miti iliyoyazunguka, na vijiji visaidiwe kusajili ardhi yao haraka, kwa sababu huku sasa anayekuja na jembe na miche ya mananasi ndiye anayekata kipande, mrihi unaenda tanuri la mkaa, udongo unalimwa ukichoka anasogea mbele. Siwalaumu wote, nanasi linalipa karo. Lakini mchanga huu hauvumilii, kila mkulima wa huku anajua.

Halafu usisahau tulikotoka. Wakati ule wa jatropha, mmea wa mbegu za mafuta, tuliambiwa hii ardhi haina kazi, ije ilimwe mafuta ya magari ya Ulaya, wenyeji na wahifadhi wakapinga mpaka ikakwama. Leo hao waliosema haina kazi hawapo na msitu upo, umepunguka lakini upo.

Na kama ni pesa unataka kusikia, angalia Gede. Mradi wa Kipepeo tangu 1993 watu wanafuga vipepeo kando ya msitu na kuuza ng'ambo bila kukata hata fito, na waongoza wageni wa Arabuko wanalipwa kumwonyesha mtu kale kabundi ka Sokoke kasikofika hata sentimita 20. Mtu anapanda ndege kutoka Uingereza kuja kuangalia bundi! Kwera naye wangemfuata hivyo hivyo hadi Marafa, walale huku, wale huku, bora tu waongozwe na wenyeji, na wasiende kukanyaga viota wakitafuta picha. Ndiyo maana jina la bwawa silitaji hapa, wala sitapachika pini ya ramani, mnaoniuliza inboksi msinune. Maafisa wako nitawapeleka mwenyewe kwa miguu.

Mvua ikinyesha vizuri mabonde yakajaa, nitatuma ujumbe ofisini kwako. Njoo, au mtume afisa wa maji pamoja na yule wa mazingira, wote wawili siku moja, maana wakija mmoja mmoja kila mmoja atasema si kazi yake. Gumbuti muhimu, gari mtaliacha barabarani, na ving'ora vya msafara tafadhali vibaki Malindi.

Wako,
Mwananchi wa Magarini