Barua kwa vijana wa Tanga wanaoandika mambo ya dini na hawasomwi

Wanangu, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua hii ni yenu nyinyi wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na kwingineko humu mjini, mnaoandika makala za dini, mkazitoa kopi au mkazituma kwenye simu, kisha mkakaa barazani kulalamika kuwa Waswahili hawasomi. Wanasoma. Mtu aliyefiwa na baba yake juzi, na ndugu wameshaanza kununiana, mpeni karatasi inayoeleza mirathi hatua kwa hatua. Ataisoma mara tatu, halafu atawaita ndugu zake awasomee. Ile yenu ya "Umuhimu wa elimu katika Uislamu" ataisifu, ataikunja, ataitia mfukoni, na itafuliwa pamoja na kanzu.

Kosa la kwanza ni upana. "Uislamu na maisha" ni bahari nzima, na nyinyi mna mtumbwi. Chagueni kiwanja kidogo: mirathi ya watu wa kawaida, au biashara ya mama lishe na wachuuzi wa samaki wa Deep Sea hapa mjini na hukumu zake, au ibada za mgonjwa na mwenye kuuguza, au ndoa katika miaka yake mitatu ya mwanzo. Kabla ya kuandika makala ya kwanza, andikeni vichwa kumi na viwili vya makala za kiwanja hicho. Ukikwama kwenye cha tano, kiwanja si chako, tafuta kingine. Mwenye kukaa mahali pamoja mwaka mzima watu humjua kwa jambo lake, wakasema "hilo muulizeni fulani, ndiye anayeliandika". Hapo ndipo wasomaji wanapoanzia.

La pili ni mlango wa makala, yaani mwanzo wake. Wengi wenu mnaingia na salamu ndefu, shukrani, dua, kisha "hatuna budi kutambua kwamba". Mpaka jambo lenyewe lifike, msomaji keshashuka kwenye daladala. Bismillahi mstari mmoja juu inatosha, kisha ingieni hivi:

"Mzee amefariki. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi milioni 24. Mke ana thumuni, yaani fungu moja katika nane: milioni 3. Zinazobaki ni milioni 21, na wa kiume anapata mafungu mawili kwa moja la dada yake: yeye milioni 14, dada milioni 7."

Halafu ndiyo mseme kuwa hukumu hiyo imo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Msomaji keshaiona hesabu, sasa ana hamu ya kujua imetoka wapi. Mkitanguliza aya na tafsiri kurasa mbili, hesabu hataifikia.

Wala msiishie kwenye hesabu safi. Mwambieni inaharibika wapi, maana ndicho alichokifuata. Watu hugawa kabla ya kulipa madeni, na mahari ambayo mke hakumaliziwa ni deni kama madeni mengine. Nyumba waliyojenga wawili, fungu la mke katika ujenzi si mirathi, ni mali yake, linatoka kwanza. Mama mzazi wa marehemu akiwa hai ana sudusi, yaani fungu moja katika sita, katika mfano huu milioni 4, na mafungu ya watoto yanapungua. Wasia haupiti theluthi, wala mrithi hausiiwi mpaka warithi wenziwe waridhie. Mkifika hapo simameni, mseme wazi kuwa familia yenye wake wawili, mjukuu yatima au mtoto wa nje ya ndoa impelekee mambo yake mwenye kujua faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi. Mwandishi anayejua mpaka wake huaminiwa ndani ya mpaka huo.

Sasa hadithi, na hapa nitakuwa mkali. Karatasi ya dini yenye hadithi ya uongo ikishikwa na mwanafunzi mmoja wa chuoni, haisomwi tena, na wala hatakwambieni, ataambia wenzake. "Tafuteni elimu hata China" imejaa katika maandishi yenu. Mwanachuoni wa hadithi Al-Bayhaqi amesema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu, na mwenziwe Ibn al-Jawzi ameiweka miongoni mwa zilizotungwa. "Kuipenda nchi ni katika imani" nayo si maneno ya Mtume (s.a.w.). Fanyeni hivi: kila hadithi iwe na jina la kitabu na mlango wake, maana namba za hadithi hutofautiana chapa kwa chapa, mlango hautofautiani sana. Msiandike "Mtume kasema" kwa kitu mlichokiona kwenye picha iliyozungushwa simuni. Hadithi ya Sahih Muslim inasema inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kuhadithia kila alisikialo, na iko kwenye utangulizi wa kitabu chenyewe, kabla ya Kitabu cha Imani. Kila makala aisome mtu wa elimu kabla haijatoka, mpeni siku tatu, na akifuta mstari usirudishwe kwa kuwa mnaupenda. Mkikosea na ikatoka, masahihisho yakae ukurasa wa kwanza wa karatasi inayofuata, kwa herufi zile zile, si chini pembeni kama deni la dukani.

Kuna jambo watu wazima hulikasirikia na nyinyi hamlioni. Karatasi mnazotoa bure mwisho wake ni kufungia karanga na vitumbua. Aya kwa maandishi ya Kiarabu ikionekana imefunga vitumbua, aliyeiona hatamlaumu muuza vitumbua. Kwa hiyo katika karatasi za kugawa, andikeni maana kwa Kiswahili, sura na namba ya aya, basi. Kiarabu kiwekeni kwenye kijitabu chenye jalada, ambacho mtu atakihifadhi. Na hata huko, Kiarabu kilichonakiliwa kutoka kwenye simu hupoteza irabu, au herufi zikaachana na kusimama moja moja, au mstari ukajipanga kinyume kwenye kompyuta ya steshenari. Lipelekeni faili likiwa PDF, kisha mlinganishe na msahafu herufi kwa herufi kwenye karatasi iliyochapwa, si kwenye kioo.

Kuhusu umbo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne ndogo. Kwa herufi za ukubwa wa 12 na pambizo za sentimita moja na nusu, kila ukurasa unabeba maneno kama 250. Toeni nafasi ya kichwa na ya namba yenu ya simu, zimebaki 900. Hicho ndicho kipimo cha makala yenu: 900. Mkiwa na maneno 1,200 mtataka kurasa tano, na karatasi ya kukunja huhesabiwa nne nne, hivyo tatu zitabaki tupu au mtazijaza porojo. Upande wa nje una ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa ndani ni 2 na 3. Fundi wa mashine akigeuza karatasi kwa ukingo usio wake, ndani yote inatoka kichwa chini miguu juu. Mwambieni atoe moja, ikunjeni hapo hapo, isomeni, ndipo aendelee na nyingine. Nakala mama iwe iliyotoka kwenye printa, muiweke ndani ya bahasha. Kopi ya kopi ya kopi huwa na ukungu, na msomaji wenu wa miaka sitini hana macho ya kupambana na ukungu.

Huyo wa miaka sitini mumfikirie sana. Mara nyingi hasomi, anasomewa na mjukuu. Basi sentensi iwe ya kusikika. Isomeni makala yote kwa sauti. Pale mnapokata pumzi katikati, pakatwe. Neno la chuoni likija mara ya kwanza lifuateni na maana yake hapo hapo: "sudusi, yaani fungu moja katika sita". Mkiandika "swala" isiwe "sala" ukurasa wa pili. Na Kiswahili kiwe cha hapa. Mnakaa jirani na Machui alikozikwa Shaaban Robert, Mwislamu aliyeandika kuhusu adili kwa namna ambayo hata asiye Mwislamu husoma bila kujihisi amefukuzwa mlangoni. Kujaza Kiarabu kwenye kila mstari si ucha Mungu, na mara nyingi ni kujificha.

Idadi anzeni hamsini. Msichape mia tano kwa kuwa mfadhili amepatikana. Muombe kamati ya msikiti ruhusa kabla ya kugawa mlangoni baada ya Ijumaa, na msiziweke kwenye rafu za misahafu. Ila mlangoni ni pahala pabovu kuliko mnavyodhani: mtu ana haraka ya chakula. Kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, duka la mabuibui, kijiwe cha kahawa, huko watu wanakaa na kungoja. Wekeni tano tano, mrudi baada ya wiki. Zikiwa zimeisha, msifurahi bado, huenda zimefungia karanga. Ulizeni mwenye duka kama kuna aliyeulizia inayofuata. Hiyo ndiyo hesabu ya wasomaji: walioulizia. Wakifika kumi, ongezeni hadi themanini. Wasipofika baada ya karatasi nne, kasoro iko kwenye kiwanja au kwenye mlango wa makala, na chapa ya rangi haitaiondoa.

Simuni, jambo moja mnalolikosa: orodha ya WhatsApp ya kuwatumia watu wengi ujumbe kwa pamoja inachukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yenu. Ndiyo maana mnatuma kwa mia mbili wanapata thelathini. Katika kila karatasi wekeni mstari mmoja: "Ihifadhi namba hii kwa jina hili, kisha tuma salamu." Makundi ya ukoo na ya harusi waachieni wenyewe.

Siku mtakayoiahidi muitimize. Bibi Aisha amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo japo iwe kidogo, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza na waraka mdogo wa Kiswahili mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti. Karatasi moja kwa mwezi kwa miezi kumi na miwili ni bora kuliko nne mwezi wa kwanza na kimya mpaka Mfungo Tatu. Ila mkiipa karatasi jina, namba ya toleo na tarehe, inaanza kufanana na gazeti, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka gazeti liwe na leseni. Muulizeni ofisa habari wa halmashauri kabla, si baada.

Kalenda ipangeni kwa miezi ya dini. Makala ya saumu ya mgonjwa na mjamzito itoke katikati ya Shaaban, mtu apate kumuuliza daktari kabla mwezi haujaandama. Ya zakatul fitri isipite tarehe 20 Ramadhani, nayo itaje kipimo kwa chombo cha nyumbani: pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, wengi wakikadiria kilo mbili na nusu za chakula. Tarehe ya Idi msichape kamwe. Mnajua wenyewe mambo ya mwandamo.

Ugomvi utawavutia. Mkiandika dhidi ya maulidi au dhidi ya wasiosoma maulidi, kwa mji huu karatasi itaisha kabla ya Laasiri. Walioichukua wamekuja kutazama ngumi, na ngumi zikiisha wataondoka. Fedha nazo: tangazo la muuza kanzu au la duka la vitabu si baya, likae ukurasa wa nne. La mikopo ya kausha damu hata kwa bei gani msilipokee, mtaandikaje riba? Wala la mgombea, mwaka wa uchaguzi.

Na nia. Imo katika Sahih Muslim hadithi ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyejifunza elimu ili aitwe mwanachuoni. Kwa hiyo jina la mwandishi liwe dogo, chini, mwisho wa ukurasa wa nne, kando ya namba ya simu. Mtu lazima ajue wa kumuuliza akiona kosa, na kazi ya jina pale ni hiyo tu.

Rasimu zenu za kwanza zileteni barazani Alhamisi baada ya Magharibi, zikiwa zimechapwa, zimekunjwa, na maneno yake yamehesabiwa.

Wassalaam alaykum,
Mzee wenu, Ngamiani, Tanga