Mjumbe wa wachezaji apigiwe kura

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kuhusu uongozi wa chama cha wachezaji wa soka. Huku Mbeya, nahodha ndiye huchukuliwa kuwa msemaji wa wenzake. Lakini kitambaa cha unahodha hutolewa na kocha, naye aweza kukivua. Nani atadai mishahara kwa sauti akiwa nacho?

Kwa kanuni za FIFA, asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu na kuipa siku 15 ilipe. Wengine hususa mazoezi bila barua, kisha wanageuziwa kibao kuwa watoro.

Chama kisimamie kura ya siri ya kumchagua mjumbe wa wachezaji kila klabu, dirisha la usajili likishafungwa, viongozi wa klabu wakiwa nje. Achaguliwe pamoja na msaidizi wake, maana dirisha dogo la usajili, la katikati ya msimu, huhamisha watu.

Mdau wa soka,
Mbeya