Kompyuta isiunyooshe ukuta uliofura

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme neno juu ya namna tunavyochora majengo siku hizi, hasa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nimekuwa mchora ramani kwa zaidi ya miaka 30, kwanza kwa kalamu ya wino na rula, baadaye kwa kompyuta, na nina kosa langu la kukiri.

Miaka ya tisini nilitumwa kupima nyumba moja ya ghorofa mbili. Tulikwenda wawili, mmoja kashika ncha ya utepe, mwingine daftari. Ukuta wa uani ulikuwa umefura. Nilipotundika timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, kutoka dirisha la juu, uzi uliegemea tumbo la ukuta, na kule chini ukaning'inia mbali na msingi kwa upana wa kiganja. Nikaandika yote. Kurudi ofisini nikakaa mbele ya programu mpya tuliyokuwa tukijivunia. Humo ukuta unachorwa kwa kubofya mara mbili, mwanzo na mwisho, nao unatoka umenyooka, unene mmoja kutoka huku hadi kule. Nikabofya. Mchoro ukapendeza kuliko nyumba yenyewe, mkubwa wangu akausifu, ukapelekwa. Tumbo la ukuta lilibaki daftarini, na daftari silijui liliko.

Anayezijua nyumba hizi ataona uzito wa jambo hilo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na nyingi unene wake unapita dhiraa moja. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo haufi kwa siku moja. Kwanza hunywa maji, ya mfereji wa paa ulioziba au bomba linalovuja, na akitokea fundi akaupiga plasta ya saruji badala ya chokaa, unyevu hufungiwa ndani. Ncha za boriti zinaoza. Kisha ukuta unafura. Kufura ndiyo homa yake, nami nilimchora mgonjwa nikaifuta homa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Sisemi michoro ndiyo iliyoliangusha. Ila tangu siku ile kila nikipita Forodhani, mbele ya jumba hilo, najiuliza ni kuta ngapi nyuma ya barabara ile zimenyooka kwenye mafaili tu.

Dawa ipo, na imetoka kwenye kompyuta hizohizo. Kipimo cha leza hurusha mwanga, kikahesabu muda unaochukua kurudi, na kwa hesabu hiyo kikajua kila doa la ukuta liko umbali gani. Doa kwa doa, mamilioni kwa mamilioni, mwishowe unapata wingu la nukta lenye umbo la nyumba kama ilivyo, na tumbo lake na ufa wake. Mashine haijui kuona haya. Mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, Andrew Tallon, alilipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa njia hiyo, akapata nukta zaidi ya bilioni moja. Alifariki mwaka 2018. Aprili 2019 paa likaungua, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa walivyotumia wajenzi kulirudisha kanisa, hata likafunguliwa tena Desemba 2024.

Msidhani hayo ni ya Ulaya peke yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamepimwa kwa leza na mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mradi unaoitwa Zamani. (Jina la kwetu, mashine zao.) Na hapa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, vijana wetu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), walirusha droni wakapiga picha za visiwa na kutengeneza ramani ambayo nchi nyingi tajiri wangeitamani. Nawapongeza kwa dhati. Lakini droni huona paa. Haioni ncha ya boriti ilivyooza ndani ya ukuta, wala haiingii uani.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe na kwa walimu wa vyuo vya usanifu ni kwamba mtu akiomba kibali cha kutengeneza nyumba ya zamani, alete vipimo vya kuta zilivyo, si zilivyopaswa kuwa. Kisha nyumba ipimwe tena baada ya miaka miwili, na mawingu mawili yalinganishwe. Hapo ndipo utafiti wenyewe ulipo: kujua ukuta umesogea kiasi gani, tangu lini, na upande upi. Mtaniambia leza ni ghali. Kweli. Basi mwanafunzi apige picha mia mbili kwa kamera ya kawaida, kila picha ipandane na mwenzake, aweke rula ukutani ili vipimo visipotee. Zipo programu za bure za kuziunganisha. Kazi hiyo ina faida kuliko mnara wa vioo wa kufikirika anaouchora kila mwaka ili amalize shahada, mnara ambao bila kiyoyozi hakuna atakayekaa ndani yake saa nane mchana.

Jambo la mwisho ni uhifadhi. Mafaili yakae hapa nyumbani, katika muundo usiohitaji leseni ya kampuni moja, na nakala ichapwe kwenye karatasi. Michoro yangu ya mwaka 1996, pamoja na ule wa ukuta ulionyooka, imo kwenye disketi, na sijapata kompyuta hapa mtaani yenye mahali pa kuzitia. Ile ya wino ya mwaka 1987 niliikunjua juzi juu ya meza, mjukuu wangu akaisoma bila kuniuliza kitu.

Mchora ramani mstaafu,
Unguja