Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: makato ya moja kwa moja yawekewe dhamana

Ndugu Gavana,

YAH: USALAMA WA KULIPA ANKARA ZA NYUMBANI KWA MAKATO YA MOJA KWA MOJA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kuhusu utaratibu ambao mteja hutia saini mara moja tu, na kuanzia hapo kampuni inayomdai ndiyo inayoiagiza benki kila mwezi ikate fedha katika akaunti yake, iwe ni malipo ya bima, marejesho ya mkopo au ada. Siupingi utaratibu huu, kwa sababu unamwondolea mlipaji foleni, faini za kuchelewa na hofu ya kukatiwa huduma akiwa safarini. Ninachoomba ni kwamba, kabla haujaenea hadi kwenye ankara za maji na taka, Benki Kuu itamke kwa maandishi ni nani atakayebeba hasara pale fedha zinapochukuliwa isivyo halali.

Wengi wetu tumezoea kulipa kwa mkono wetu wenyewe. Mtu hupokea namba ya kumbukumbu ya malipo, au huingiza namba ya mita ya LUKU, huandika kiasi anachokitaka na kumalizia kwa namba ya siri. Ndiyo maana tapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" hulazimika kutubembeleza au kututisha, kwa kuwa bila mwenye simu kuridhia hapati kitu. Katika makato ya moja kwa moja hana haja ya kumbembeleza mtu. Anayeanzisha malipo ni mdai, na benki huchukulia kwamba idhini anayosema anayo ipo kweli. Tahadhari tulizohimizwa miaka yote kuhusu namba ya siri hazitufai hapa, kwani kinachohitajika ni namba ya akaunti, ambayo imechapishwa kwenye hundi na ambayo tunawapa waajiri, wapangaji na wateja wetu bila kusita.

Uingereza waliliona hilo mwaka 2008. Mtangazaji Jeremy Clarkson, akitaka kuthibitisha kwamba hofu iliyozuka baada ya serikali kupoteza taarifa za watu milioni 25 ilikuwa imetiwa chumvi, alichapisha gazetini namba ya akaunti yake. Mtu asiyejulikana akazitumia taarifa hizo kuandikisha makato ya pauni 500 kwenda shirika la hisani la wagonjwa wa kisukari, na fedha zikatoka. Pamoja na hayo, Waingereza wanaendelea kulipia umeme, maji na kodi za halmashauri kwa njia hiyohiyo, na naamini sababu kubwa ni dhamana iliyoambatana nayo. Makato yakifanyika kimakosa, benki ya mteja humrudishia fedha zote mara moja, halafu yenyewe ndiyo inayohangaika na mdai. Kiasi au tarehe ikibadilika, mdai hutakiwa kumwarifu mteja mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi kabla. Mteja naye anaweza kufuta idhini wakati wowote kwa kuiarifu benki yake tu, bila kuomba ruhusa ya kampuni.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini ilisumbuliwa na matapeli waliokuwa wakikata randi 99 katika akaunti za watu ambao hawakuwahi kuwaidhinisha. Kiasi hicho hakikuwa cha bahati mbaya. Ni kidogo mno kumshtua mtu, lakini kikikatwa kwa maelfu ya watu ni utajiri. Walichofanya wenzetu ni kuleta mfumo wa DebiCheck, ambao humtaka mteja athibitishe mkataba kwa benki yake kabla ya makato ya kwanza, na kila makato yanayofuata hulinganishwa na kile alichokithibitisha. Kwa nchi ambayo karibu kila mtu mzima anajua kujibu ujumbe wa simu, sioni kwa nini tushindwe.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliendelea kukatwa malipo ya bima ambayo muda wake ulikwisha. Benki ilimwambia aende kwenye kampuni ya bima kwa sababu wao hutekeleza tu maagizo. Kampuni ikamwambia arudi benki kwa sababu akaunti iko huko. Alikuwa na taarifa ya akaunti mkononi, mistari ya makato ameipigia alama kwa kalamu nyekundu, na bado hakuna dirisha lililokubali kwamba lalamiko lile ni lake. Huyu hakuibiwa na mtu wa mtandaoni. Alikosa kanuni ya kumwambia karani aliyekuwa mbele yake: rudisha kwanza, mengine mtayamaliza ninyi kwa ninyi.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa ofisi yako mamlaka ya kusimamia mifumo hii, na kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo. Naomba kupitia hizo iwekwe dhamana ya marejesho inayoibana benki ya mteja, na ujumbe wa simu umfikie mteja kabla ya kila makato, hata yawe ya shilingi mia tano, ukitaja jina la mdai, kiasi na tarehe. India wanataka taarifa ya namna hiyo itolewe angalau saa 24 kabla, na muda huo unamtosha mtu kuzuia makato asiyoyatambua. Naomba vilevile fomu ya idhini iandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya dhamana yawe juu ya sehemu ya saini, kwa herufi zinazosomeka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mlipaji wa ankara,
Tabata, Dar es Salaam