Kikorea chuoni kisiishie kwenye sarufi

Mhariri,

Kikorea humhadaa mwanafunzi mapema. Hangul, maandishi yaliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, yana herufi 24 za msingi, na mtu makini huzimudu kwa wiki mbili. Akishaweza kusoma vibao na majina ya waigizaji hujiona amefika, kumbe safari haijaanza.

Chukua kitenzi cha kula. Rafiki wa rika lako unamuuliza "bap meogeosseo?" Mtu usiyemzoea unamwambia "bap meogeosseoyo?" Ukimkuta nyanya wa rafiki yako, hata neno la chakula linabadilika: "jinji deusyeosseoyo?" Swali ni lile lile, umekula? Mkufunzi akizifundisha sentensi hizi kama orodha ya viambishi tu, darasa litakariri na kusahau. Wakati huo huo Kiswahili kinampa mfano wa bure: mzee hafi, hufariki, wala hakuna asemaye ng'ombe amefariki.

Isitoshe, swali hilo mara nyingi ni salamu. "Ne, meogeosseoyo", yaani ndiyo, nimekula, inatosha. Huku kwetu ukiulizwa kama umekula, pengine ugali uko tayari mezani. Mwanafunzi akianza kumweleza Mkorea kwamba hajaonja kitu tangu asubuhi, anamtwika mwenzake deni ambalo hakuliomba.

Kosa zito zaidi ni neno "dangsin". Vitabu vya maneno hulitafsiri kuwa "wewe", lakini katika mazungumzo ni la mume na mke, au la watu wanaogombana. Mhadhiri haambiwi dangsin. Anaitwa "gyosunim", yaani profesa, hata pale sisi tungesema wewe. Mama wa mtoto aitwaye Minsu huitwa "Minsu eomma", vile vile Wajaluo wanavyosema min Otieno. Mwanafunzi wa Kisumu tayari ana daraja la kuvukia, ila kitabu anachosomea kiliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza na hakimwonyeshi.

Kuna pia swali la mwaka wa kuzaliwa, ambalo wengi wetu huliona la umbea. Korea Kusini ilibadilisha sheria ya kuhesabu umri Juni 2023, lakini anayeuliza bado anatafuta jambo la msingi: akusemeshe kwa kiwango gani cha heshima.

Kwa nini haya hayafundishwi? Kwa sababu hayana alama. TOPIK, mtihani wa kupima ujuzi wa Kikorea kwa wageni, katika ngazi ya chini una maswali 70, 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, basi. Mtu anapata alama 140 kati ya 200, anatunukiwa kiwango cha 2, na hajatamka sentensi hata moja mbele ya mtu. Kisha anapata GKS, ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea Kusini, anapelekwa mwaka mmoja wa lugha, na siku ya kwanza tu anamwandikia profesa ujumbe kwa lugha ya wacheza kadi.

Katika kipindi cha saa mbili, zitengwe dakika 25. Mkufunzi alete kisa cha mistari sita, kwa mfano mwanafunzi aliyepokea karatasi ya mhadhiri kwa mkono mmoja huku akitazama simu. Dakika tatu kila mmoja aandike alichoona tu, bila kuhukumu. Hapa ndipo mambo huharibika: darasa hurukia "alikuwa na kiburi", na mkufunzi mwenye haraka hukubali. Darasa lirudishwe kwenye mkono na simu. Kisha wawili wawili watafute maana mbili zinazowezekana, moja ya upande wa Korea na moja ya upande wa nyumbani. Mwishowe waigize mara mbili, mara ya pili mhadhiri akigeuzwa kuwa mwanafunzi mwenzao, ili kitenzi nacho kibadilike.

Mkufunzi ajihadhari na sentensi zinazoanza na "Wakorea wote". Kijana wa Seoul na mzee wa kijijini hawaongei sawa, kama ambavyo Nakuru mjini si Kuresoi.

Ile siku ya utamaduni ya kula kimbap, wali uliokunjwa kwa mwani, na kupiga picha na hanbok, vazi la jadi la Korea, iendelee, haina ubaya. Lakini katika alama 30 za majaribio ya muhula, 10 ziwe za kuigiza, na nusu ya hizo zitolewe kwa kuchagua kiwango sahihi cha heshima hata kama matamshi yanayumba.

Mwalimu wa lugha,
Kisumu